Alama Zilizonunuliwa kwa Kasi

Toleo la Oktoba 1990 la jarida la Scientific American lilikuwa na makala ya watafiti wanne walioshiriki kuunda mashine ya sataranji iliyoitwa Deep Thought: Feng-hsiung Hsu, Thomas Anantharaman, Murray Campbell na Andreas Nowatzyk. Ndani yake walipiga hesabu ya kijasiri. Mashine yao ilipekua mikao ya ubao ipatayo 720,000 kwa sekunde, na kwa vipimo vya Marekani ilikuwa na alama kama 2550, kiwango cha grandmasta. Mashine iliyokuwa ikiandaliwa kuirithi ingepekua zaidi ya bilioni moja. Uhusiano wa kasi na nguvu ukibaki kama ulivyoonekana hadi hapo, waliandika, hiyo mpya itacheza kwa kiwango cha 3400, alama kama 500 juu ya mabingwa Garry Kasparov na Anatoly Karpov.

Hesabu hiyo haikuhitaji kujua lolote kuhusu farasi, ngome wala malkia. Kasi iliingia upande mmoja, alama zikatoka upande wa pili. Lakini haikuokotwa njiani. Nyuma yake kulikuwa na majaribio ya takriban miaka kumi, na nyuma ya majaribio hayo ndoto ya miaka arobaini. Ninachodai hapa ni kwamba uhusiano waliouona ulikuwa wa kweli, ila namna ulivyopimwa iliurefusha kuliko ulivyo.

Tuanze na alama zenyewe. Ni kazi ya Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Milwaukee aliyezaliwa Hungaria. Shirikisho la sataranji la Marekani lilizikubali mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Wengi huzisoma kama kimo au uzito, kana kwamba mchezaji anazo mwilini. Sivyo. Alama za Elo zinasema jambo moja tu: wawili hawa wakikutana mara nyingi, kila mmoja atavuna fungu gani la pointi. Aliyezidi kwa alama 100 anatarajiwa kupata pointi 64 katika michezo mia. Aliyezidi kwa 200, pointi 76. Kwa 400, kama 91. Wachezaji wakifungiwa kisiwani wakacheza wao kwa wao, watajipatia alama halali kabisa, nazo hazitasema chochote juu ya wachezaji wa ng'ambo mpaka mmoja wao avuke bahari. Kwa sehemu kubwa ya historia yao, kompyuta zimeishi kwenye kisiwa cha namna hiyo.

Fani yenyewe ilipata ramani yake mwaka 1950, Claude Shannon wa Bell Labs alipochapisha makala kuhusu kuifundisha kompyuta sataranji. Alikadiria kwamba idadi ya michezo inayowezekana ni moja ikifuatwa na sifuri 120. Hakuna mashine itakayofika mwisho wa mti huo. Itabidi ikomee kina fulani, iuthamini mkao ilioufikia, kisha irudi na jibu. Shannon aliona njia mbili: kupekua kila tawi hadi kina hicho, au kuchagua matawi machache yenye dalili njema na kuzama nayo. Yeye aliegemea ya pili, na kwa mashine za siku zile ungemwelewa. Huko Manchester mwaka 1952 Alan Turing aliiendesha programu yake mwenyewe kwa karatasi na kalamu, kila zamu ikimchukua kama nusu saa, akapoteza mchezo mbele ya Alick Glennie. Sidhani kama historia hii ina prosesa ya polepole kuliko ile. Miaka michache baadaye programu ya Alex Bernstein kwenye IBM 704 ilitumia dakika nane kufikiria zamu moja, ikichagua njia saba tu kila penye njia panda, na ikiishia kina cha hatua nne. (Hatua, katika makala haya, ni mchezo wa upande mmoja: mweupe akicheza na mweusi akajibu, hizo ni mbili.)

Funzo la kwanza kuhusu kasi lilikuja kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1966 na 1967 programu ya Kimarekani iliyoandikwa na Alan Kotok na wenzake chini ya John McCarthy ilipambana kwa telegrafu na programu ya taasisi ya fizikia ya ITEP ya Moscow. Wamarekani walikuwa na IBM 7090, mashine yenye kasi kuliko ile ya Wasovieti. Wasovieti walishinda kwa 3 dhidi ya 1. Tofauti ilikuwa kwenye njia. Programu ya Marekani ilichagua matawi, na katika kuchagua ikayatupa yaliyokuwa na majibu. Ya Moscow ilipekua yote, japo kwa kina kifupi. Basi kabla hata ya kuuliza kasi inaleta alama ngapi, ilibidi kwanza ipatikane programu inayojua kuitumia.

Programu hiyo iliandikwa Chuo Kikuu cha Northwestern. David Slate na Larry Atkin walikuwa wameshinda mashindano ya kompyuta ya Marekani kwa programu za kuchagua matawi, kisha wakachoka. Programu ya kuchagua ni ngumu kuirekebisha. Ukiziba tundu hapa, pengine panavuja. Mwaka 1973, kwa toleo la Chess 4.0, wakaiacha njia ya Shannon wakaanza kupekua kila kitu. Kuanzia hapo kila mashine mpya waliyoazimwa iliwapandisha. Mwaka 1976 toleo la 4.5 liliwashinda wachezaji wa daraja la B kwenye mashindano ya Paul Masson huko California. Mwaka uliofuata, likiwa kwenye Cyber 176, moja ya kompyuta zenye kasi kubwa kuliko zote za wakati huo, likatwaa Minnesota Open. Programu ilibadilika kidogo, mashine ikabadilika sana. Watu wakaanza kuchora mstari.

Aliyeuchora kwa kipimo alikuwa Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa Unix. Yeye na Joe Condon, pale Bell Labs, walitengeneza mashine iliyoitwa Belle, ambayo kazi zake nzito hazikufanywa na programu bali na saketi zilizoundwa kwa ajili ya sataranji pekee. Ilipoanza kama programu tupu, Belle ilipekua mikao kama 200 kwa sekunde. Katika umbo lake la mwisho ilifika 160,000. Ilikuwa bingwa wa dunia wa kompyuta huko Linz mwaka 1980, na mwaka 1983 ikawa kompyuta ya kwanza kupewa daraja la masta nchini Marekani. Miaka hiyohiyo forodha ya Marekani iliizuia uwanja wa ndege Thompson alipotaka kwenda nayo Moscow, kwa hoja kwamba ni teknolojia isiyoruhusiwa kufika kwa Wasovieti. Ubao wa sataranji ukashikwa kama silaha.

Jaribio la Thompson lilikuwa jepesi kulieleza. Alichukua Belle akaifanya wachezaji kadhaa: mmoja anaona hatua nne mbele, mwingine tano, mwingine sita, hadi tisa. Akawapambanisha wenyewe kwa wenyewe, akahesabu alama. Wa hatua nne alitoka na takriban 1235, na wa hatua tisa na takriban 2328. Kwa wastani kila hatua ya ziada iliongeza alama zaidi ya 200, ambazo ni tofauti kati ya mchezaji wa klabu na yule anayemfunza.

Sasa kasi inanunuaje hatua? Kwenye mkao wa kawaida kuna njia kama 35 za kucheza, kwa hiyo kuongeza kina kwa hatua moja kungehitaji mashine yenye kasi mara 35. Bahati nzuri kuna kupogoa kwa alfa-beta: ukishaona kwamba tawi fulani lina jibu baya kuliko ulilonalo mkononi, hulimalizi, unalikata. Kukifanywa kwa mpangilio mzuri, gharama ya hatua moja inashuka hadi kipeuo cha pili cha 35, yaani kama mara sita. Mashine ikiongezewa kasi maradufu basi inapata karibu hatua 0.4. Zidisha kwa alama 200, unapata kama 80. Humo ndimo ilimozaliwa kanuni iliyokaririwa na kila mpenzi wa kompyuta za sataranji kwa miaka ishirini: kasi maradufu, alama 50 hadi 80.

Lakini ziangalie namba za Thompson kwa karibu. Kutoka hatua nne hadi tano faida ilikuwa alama 335. Kutoka nane hadi tisa, 120. Ukizigeuza kuwa kasi, maradufu ya kwanza ilileta kama alama 130, na ya mwisho kama 46. Ni kama kukamua nazi: tui la kwanza zito, la pili jepesi, na la tatu unalijua kwa rangi tu. Wastani wa 200 unaficha mteremko huo, na waliochukua wastani wakaurefusha mbele walijipa alama ambazo jaribio lenyewe lilikuwa tayari limeanza kuwanyima.

Kuna kasoro nyingine, na mimi naiona kubwa zaidi. Belle ya hatua nane ikicheza na Belle ya hatua tisa, ya pili inaona kila inachoona ya kwanza na zaidi kidogo. Thamani wanazoipa kila kete ni zilezile, na penye upofu wote ni vipofu. Hakuna namna ndogo zaidi ya kumpita mpinzani, wala yenye uhakika zaidi. Binadamu hapotezi hivyo. Mwaka 1978 David Levy, masta wa kimataifa wa Scotland aliyekuwa ameweka dau miaka kumi kabla kwamba hakuna kompyuta itakayomshinda ndani ya muda huo, alikutana na Chess 4.7 huko Toronto. Katika michezo aliyoshinda kwa kulenga udhaifu wa mashine, alizuia njia, akafunga ubao, akangoja. Mashine iliyoona hatua kadhaa mbele haikuwa na la kuona, kwa sababu hakuna kilichokuwa kikitokea ndani ya hatua hizo. Alishinda pambano kwa 3.5 dhidi ya 1.5. Ukiiongezea mashine hatua moja mbele ya mchezaji wa namna hiyo, unaongeza kitu, lakini si alama 200.

Waliolijua hili kwa mikono yao ni Waswidi. Chama chao cha kompyuta za sataranji, SSDF, kilianza mwaka 1984 kutoa orodha ya alama za mashine zilizouzwa madukani: Fidelity za Marekani, Mephisto za München, Novag na nyinginezo. Wanachama waliweka mashine mbili juu ya meza nyumbani, wakazihamishia kete kwa mkono, kwa muda wa mashindano wa hatua 40 za kila upande katika saa mbili. Uvumilivu wa kazi hiyo unastahili heshima yake. Kwa kuwa programu ileile mara nyingi iliuzwa ndani ya prosesa tofauti, na baadaye ikajaribiwa kwenye Pentium ya megahezi 90, kisha Pentium MMX ya 200, kisha AMD ya 450, orodha yao ikawa hazina ya pekee: programu imesimama, kasi inatembea. Tofauti waliyoipata kwa kila maradufu mara nyingi iliangukia kati ya 50 na 70.

Bado ilikuwa kompyuta dhidi ya kompyuta. Ili orodha ifungwe kwenye dunia ya watu, SSDF ilitumia mamia ya michezo ambayo mashine za zamani zilicheza na wachezaji wa Uswidi. Miaka ilivyopita, mashine mpya zilipata alama kwa kuzipiga zile za zamani, na mpya zaidi kwa kuzipiga hizo, na uzi uliowafunga na wanadamu ukazidi kuwa mrefu na mwembamba. Mwaka 2000 chama kiliishusha orodha nzima kwa alama 100. Hakuna mashine iliyokuwa imedhoofika usiku ule. Kilichosahihishwa ni kisiwa chote kwa pamoja, na sijui ungamo la kitaalamu lililo wazi kuliko hilo.

Wakati huohuo mashindano yalikuwa yakitoa ushahidi wenye kelele zaidi. Cray Blitz ya Robert Hyatt ilikuwa bingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 1983 na 1986 kwa nguvu za mashine za Cray zilizogharimu mamilioni ya dola. Mwaka 1992 huko Madrid ubingwa huo ulikwenda kwa ChessMachine ya Mholanzi Ed Schröder, kadi ndogo ya kuchomekwa kwenye kompyuta ya mezani. Mwaka 1995 huko Hong Kong, Fritz 3 kwenye Pentium ya megahezi 90 iliishinda mashine ya majaribio ya IBM iliyotangulia Deep Blue. Mchezo mmoja ni mchezo mmoja. Ila kwa kanuni ya maradufu, ajali za namna hiyo zilipaswa kuwa adimu kuliko zilivyokuwa.

Ndipo tunafika New York, Mei 1997. Deep Blue, mrithi wa Deep Thought, ilikuwa na chipu 480 za sataranji na ilipekua mikao kama milioni 200 kwa sekunde, mara 280 hivi ya Deep Thought, yaani maradufu nane. Kwa alama 70 kila maradufu tungetarajia mashine ya 3100. Ilimshinda Kasparov, aliyekuwa na karibu 2800, kwa 3.5 dhidi ya 2.5, matokeo ambayo kwa jedwali la Elo ni sawa na kumzidi kwa alama zisizofika 60. Michezo sita haitoshi kupima mashine yoyote, na shabiki wa kasi anayo haki ya kulisema hilo. Lakini hata hiyo pointi moja haikuwa zao la kasi pekee. Mwaka mmoja kabla, huko Philadelphia, mashine ya nusu ya kasi hiyo ilipoteza kwa 4 dhidi ya 2. Katikati timu ilitengeneza chipu mpya zenye ujuzi zaidi wa mchezo, na grandmasta Joel Benjamin akakaa nao akiwaonyesha mahali mashine isipoelewa. Kasi ilimfikisha Kasparov mezani. Sioni kwamba ndiyo pekee iliyomwinua kutoka kitini.

Mwaka huohuo Hyatt na Monroe Newborn walichapisha jaribio la programu ya Crafty walilolipa muda mrefu kupita kawaida. Walitaka kujua kama kuna kina ambacho kupekua zaidi hakubadilishi kitu. Hawakukipata: hata kwenye hatua 14, Crafty iliendelea kubadili uamuzi wake katika takriban asilimia 15 ya mikao. Kasi haikugonga ukuta. Ilizidi tu kuwa ghali.

Jaribio la mwisho la kuinunua kwa jumla lilifanyika Abu Dhabi. Mashine iitwayo Hydra, iliyosanifiwa na Chrilly Donninger wa Austria na kugharimiwa huko Ghuba, ilitumia chipu za kuratibiwa upya kufikia kasi ya Deep Blue. Juni 2005 huko London ilimfunga Michael Adams, mmoja wa wachezaji bora wa dunia, kwa 5.5 dhidi ya 0.5. Ilikuwa kishindo. Miezi michache baadaye programu ya Rybka ya Vasik Rajlich ilipanda kileleni mwa orodha za kompyuta kwa kompyuta ya kawaida ya mezani. Mwaka 2009 Pocket Fritz 4, ndani ya simu ya HTC, ilishinda mashindano ya Copa Mercosur huko Buenos Aires kwa pointi 9.5 kati ya 10, matokeo ya kiwango cha 2898. Ilipekua chini ya mikao 20,000 kwa sekunde. Hiyo ni sehemu moja ya elfu kumi ya kasi ya Deep Blue.

Siri ilikuwa kwenye kupogoa. Programu mpya hazikukata tu matawi yaliyothibitishwa kuwa mabaya. Zilikata pia yaliyonukia ubaya, kwa tahadhari iliyopimwa kwa maelfu ya michezo, hata gharama ya hatua moja ikashuka kutoka mara sita hadi karibu na mara mbili. Shannon na uchaguzi wake wa matawi, aliyefukuzwa Northwestern mwaka 1973, alikuwa amerudi kwa mlango mwingine. Na kasi nayo ilikuwa imeanza kubadilika sura. Kuanzia kama mwaka 2005 prosesa zilisimama kwenye gigahezi tatu au nne, watengenezaji wakawa wanaongeza idadi ya viini badala ya mapigo. Alfa-beta haipendi kugawiwa: kila tawi linahitaji kujua matokeo ya tawi lililotangulia ili likatwe, na viini viwili vikipekua kwa pamoja hurudia kazi ambayo kimoja kisingeifanya. Maradufu ya viini haikuwa tena maradufu ya kasi.

Desemba 2017 DeepMind ilitangaza kwamba programu yake AlphaZero imeishinda programu ya Stockfish michezo 28 kati ya mia, sare 72, bila kupoteza hata mmoja. Yenyewe ilipekua mikao 80,000 kwa sekunde. Stockfish, milioni 70. Masharti ya pambano yalilalamikiwa, na kwa haki. Wengi waliosherehekea ushindi wa akili juu ya nguvu, hata hivyo, walipitiwa na jambo: AlphaZero iliendeshwa na chipu maalumu zenye uwezo mkubwa mno wa kukokotoa. Hesabu haikupungua, ilihama tu, kutoka kwenye wingi wa mikao hadi kwenye uzito wa kuutazama kila mkao. Stockfish 12 ilifanya jambo lilelile kwa udogo mnamo Septemba 2020, ilipopokea mtandao wa nyuroni wa aina iliyobuniwa na Yu Nasu kwa ajili ya shogi, sataranji ya Wajapani. Mikao kwa sekunde ilipungua kwa karibu nusu. Alama zilipanda kwa kama mia moja.

Leo orodha za kompyuta zinaonyesha namba za juu ya 3500, na ukikutana nazo kumbuka kile kisiwa. Programu bora zikikutana, michezo mingi huisha kwa sare, hata waandaaji hulazimika kuzianzisha kwenye mikao iliyopinda upande mmoja ili mshindi apatikane. Palipo na sare tupu, tofauti ya alama hubanwa. Kasi maradufu ambayo zamani ilikupa 70 sasa huacha alama chache tu. Wanaoijenga Stockfish wameitoa kasi kwenye hesabu kabisa. Kwenye mtambo wao wa majaribio, Fishtest, ulioanza mwaka 2013, kompyuta ya kila anayejitolea hupimwa kwanza kasi yake, kisha muda wa kufikiri hurekebishwa: ya polepole huongezewa sekunde, ya haraka hupunguziwa. Baada ya hapo ndipo badiliko dogo la programu hupewa makumi ya maelfu ya michezo, kutafuta alama moja au mbili.